Rangi inaua seli zangu?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma masters, nafuatilia jinsi seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) zinavyogawanyika. Naziwekea Hoechst 33342, rangi ya kung'arisha DNA, mikrogramu 5 kwa mililita, halafu maikroskopu inapiga picha kila dakika 5 usiku kucha. Asubuhi nakuta zimejikunja, nyingi zimekufa, wakati zisizo na rangi ndani ya inkubeta ziko freshi kabisa. Supavaiza anasema seli ni mbovu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Seli zako hazina kosa, mi naona ni rangi na mwanga vimeungana. Hoechst inajibana kwenye mfereji mwembamba wa DNA, hasa penye herufi A na T nyingi, na topoisomerezi, kimeng'enya kinachotakiwa kulegeza msokoto wa nyuzi hapo, inakwama, basi seli inashindwa kunakili, inasimama, ikizidiwa inajiua yenyewe. Afu kila ukiwasha ile taa ya UV ya maikroskopu unazidisha majeraha ya DNA, na dakika 5 kwa masaa 12 ni kuwasha mara 144!

Wengi tunaichukulia kama wino tu na hapo ndo tunapokosea. DAPI, rangi nyingine inayoshika DNA kwa namna hiyohiyo, ilitengenezwa 1971 kwenye maabara ya Otto Dann huko Ujerumani wakitafuta dawa ya tripanosoma, vile vimelea vya mbung'o, na ethidiamu bromaidi, rangi ya kuonyesha DNA kwenye jeli, ndo ileile homidiamu wanayochomwa ng'ombe wenye nagana, ugonjwa wa hao tripanosoma. Yani hizi mbili zilianza kama dawa, au majaribio ya dawa, za kuua kimelea kupitia DNA yake, sasa seli ya mtu itasalimikaje ukiiloweka humo usiku mzima?

Kama unagandisha seli kwa formalini kwanza, paka tu, zimeshakufa. Ila kwa video ndefu tafuta seli zenye H2B-GFP, yaani histoni (protini inayoviringishiwa DNA) iliyounganishwa na protini inayong'aa, huhitaji rangi. SiR-DNA, rangi nyingine ya seli hai, inatumia mwanga mwekundu, mpole zaidi, ila nayo ina mkia wa Hoechst, ukizidisha dozi inajeruhi DNA vilevile.

Na ule ulinganisho wako haujakaa sawa, zile za inkubeta hazikupigwa mwanga. Rudia na sahani nne: rangi na mwanga, rangi bila mwanga, mwanga bila rangi, na isiyoguswa kabisa, zote siku moja kutoka chupa moja, afu umwekee supavaiza mezani azione mwenyewe.