Kivuli cha marmoti

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata, nikacheka hadi wajukuu wakaja kuuliza kuna nini. Yaani wenzako wa kazini hapo Pittsburgh, Marekani, wameacha vitanda usiku wa manane wakaenda mji wa Punxsutawney kumtazama marmoti, yule mnyama mnene wa mashimoni, akitolewa kwenye kisiki ili atabiri baridi itakwisha lini! Nawe unauliza: akiona kivuli chake si jua limewaka? Iweje waseme baridi itaendelea wiki 6 zaidi?

Umewaza kama mtu wa Muheza. Kwetu jua ni joto. Huko mwezi Februari mawingu ndiyo shuka; yakifunuka, ardhi inapoteza joto usiku kucha na asubuhi kila kitu kimeganda. Kwa hiyo wakulima wa Kijerumani waliosoma kivuli tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ile ya kubariki mishumaa, hawakuwa wajinga. Kwao walimtazama melesi, ndugu wa mbali wa nyegere wetu. Walipohamia Pennsylvania wakamkuta huyu mnene wa ukoo wa kindi, naye hulala shimoni msimu mzima wa baridi, wakampa kazi ileile.

Walipokosea ni kuipa asubuhi moja mamlaka juu ya wiki 6. Tena hesabu mwenyewe: wiki 6 kutoka hapo unafika katikati ya Machi, siku chache kabla usiku na mchana havijalingana. Baridi ingeanza kulegea hata marmoti angebaki amelala. Watu wa hali ya hewa wamelinganisha utabiri wake na vipimo vyao, wakakuta hafikishi hata nusu.

Wale wazee wa kofia ndefu nyeusi wanaomtoa kisikini, wanaodai wanaelewa lugha yake, na kwamba marmoti huyo ni yuleyule tangu 1887 kwa sababu ananyweshwa dawa ya uzima, wanatania na wanajua wanatania. Usibishane nao, utaharibu sherehe ya watu.

Lakini nilichokipenda mimi ni hiki: porini, marmoti dume hutoka kweli mwezi Februari. Hana habari na kivuli. Anapita kwenye mashimo ya majike kujua nani anakaa wapi, kisha anarudi kulala.

Hapa dudumizi, yule ndege wetu wa kutabiri mvua, analia mwembeni tangu juzi, na baba yako ameshanoa jembe. Nimemwambia masika ni Machi, hanisikii.

Vaa soksi nzito.

Mama yako