Bata mzinga wa porini na mtoto wa miaka 9: jinsi dola 120 zilivyotutosha

Mwaka wa kwanza kumpeleka binti yangu kuwinda bata mzinga nilimchosha mpaka akalia. Watu kazini waliniambia bata wako kule kusini kwenye milima ya Ozark, basi tukaendesha masaa matatu, tukalala moteli, nikamwamsha saa tisa usiku, tukakaa chini ya mti toka giza mpaka karibu saa nne asubuhi miguu yake imelowa na baridi inamtetemesha, hatukusikia hata ndege mmoja akilia. Karibu dola 400 zilienda. Njiani kurudi akaniuliza, mama, lazima twende tena? Swali hilo liliniuma kuliko hela.

Naandika hii kwa ajili ya wazazi wenzangu Waswahili tulioko huku Missouri, maana nawajua wengi ambao mtoto anarudi shule anasimulia wenzake wameenda kuwinda na baba zao na yeye anataka, mzazi anaona hayo ni mambo ya wenye hela na matrekta. Si kweli. Ila inabidi upange ukimfikiria mtoto kwanza na ndege baadaye, na mimi nimegundua ukifanya hivyo gharama zinashuka zenyewe, kwa sababu kinachomchosha mtoto ndo hichohicho kinachokula hela: safari ndefu, vifaa vingi, kukaa muda mrefu.

Anza na umbali. Sisi tunaishi Columbia, na kumbe msitu wa Mark Twain una kipande chake cha Cedar Creek hapo kusini mashariki, kama nusu saa tu kutoka mjini. Ni ardhi ya umma, kuingia bure, kuwinda unaruhusiwa ukiwa na kibali, na ukitaka kulala na hema lako porini hulipi. Zipo pia zile Conservation Area, yaani maeneo ya hifadhi ya jimbo, nyingi sana, lakini kila moja ina masharti yake kwa hiyo soma ukurasa wa eneo lenyewe kabla hujaenda. Mwaka wa pili tulilala kitandani kwetu. Moteli hakuna, mgahawa hakuna.

Kuhusu sheria ntasema machache. Jimbo linatenga wikiendi moja ya watoto mwezi wa nne kabla msimu mkubwa haujafunguliwa, ni kwa watoto wa miaka 6 mpaka 15, na wewe mkubwa hupigi, unamsindikiza tu. Hiyo wikiendi ni zawadi, ndege bado hawajashtuliwa na msitu haujajaa watu. Kibali cha mtoto mkazi hakikuzidi dola 10. Mtoto wa miaka 9 bado hawezi kupata cheti cha mafunzo ya uwindaji, kinaanzia miaka 11, kwa hiyo mkubwa anayekaa naye ndo anatakiwa awe nacho kama amezaliwa baada ya mwaka 1966. Mimi nilifanya hayo mafunzo mwaka mzima kabla, na nakushauri usiyaache mpaka wiki ya mwisho. Mimi nina green card, sheria ya taifa inaniruhusu kushika bunduki, lakini kama wewe uko kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda sheria yako ni nyingine, ulizia kwanza kabla hujagusa ya mtu.

Bunduki sikununua. Jirani yetu mzee aliniazima shotgani ya geji 20 ya saizi ya mtoto, ile fupi ya risasi moja, wajukuu zake walishakua, haiwafai tena. Uliza watu, utashangaa vitu vilivyolala kwenye magaraji ya watu. Nilinunua boksi moja la risasi za bei rahisi za kufanyia mazoezi na boksi moja la risasi za bata mzinga zenyewe, marisawa, vile vigololi vidogo vya ndani ya risasi, namba 5. Tukaenda kiwanja cha shabaha cha jimbo kisicho na mhudumu, bure, tukabandika karatasi tukaanza mita 10, tukarudi nyuma kidogokidogo tuone marisawa yanatawanyika vipi. Mita 25 ndo tukaweka mwisho wake, mbele ya hapo hapigi hata bata akicheza ngoma. Usiruke hatua hii kwa kubana matumizi, kumjeruhi ndege akakimbilia kichakani akafie huko ni jambo baya, na mtoto halisahau.

Pale pesa zangu zilipoenda bila kusita ni kwenye mwili wa mtoto. Vizibo vya masikio vizuri. Buti zisizopitisha maji. Mto wa kukalia, maana mtoto asiyeumia makalio anatulia mara mbili. Nguo za kamoflaji nilizipata duka la mitumba, dola 14 seti yake na shati langu, bata mzinga hajali kampuni gani imeshona. Anachojali ni mwendo wako, ana macho makali kupita kiasi na anaona rangi, ila pua yake si kitu, kwa hiyo usinunue yale madawa ya kuficha harufu. Na tafadhali, msivae chochote chekundu, cheupe wala cha bluu, hata soksi, hata leso ya mfukoni, kwa sababu hizo ndo rangi za kichwa cha dume na msituni kuna watu wengine wenye bunduki. Dawa ya kupe, permethrin, unapuliza kwenye nguo jana yake zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Kupe wa Missouri si wa mchezo.

Kazi kubwa ni bure, nayo ni kuwatafuta mapema. Waliokulia kwetu Tanga wanawajua kanga wa porini, jioni wanapanda mtini kulala na asubuhi wanashuka. Bata mzinga ni hivyohivyo. Wikiendi mbili kabla tulikwenda jioni tukakaa kwenye gari vioo viko chini tunakula maandazi, tunasikiliza, jua linazama tukasikia dume akilia bondeni, mtoto akanishika mkono kwa nguvu. Tukaangalia nyayo kwenye matope na manyoya chini, akachora ramani yake mwenyewe kwenye daftari. Kwa kweli kwake yeye uwindaji ulianzia hapo.

Siku yenyewe tuliswali alfajiri pembeni ya gari, tukatembea na tochi mpaka kwenye mti mnene kuliko mabega yangu, tukaegemea, bata jike mmoja wa bandia tukamsimamisha mita 15 mbele. Kile kisanduku cha mbao cha kuitia ndege nilimwachia yeye akisugue, si mimi. Alikuwa amefanya mazoezi sebuleni mwezi mzima mpaka nyumba nzima tumekoma, lakini asubuhi ile alisugua mara tatu tu akanyamaza na dume akajibu. Tulikubaliana tangu nyumbani, masaa mawili, akisema basi ni basi. Haikufika hata saa moja. Madume mawili machanga yakaja yanamkimbilia yule wa bandia, yana vile vishada vifupi vya ndevu kifuani, na hao wenye ndevu ndo unaoruhusiwa kupiga majira ya kuchipua. Akasema bismillahi kwa kunong'ona kama nilivyomfundisha, akavuta. Mimi kwanza nikachukua bunduki mkononi mwake nikaifungua, halafu nikakimbia na kisu nikamuwahi bado anapapatika.

Ukipata, siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku lazima umripoti ndege kwenye Telecheck, mfumo wa jimbo. Aliripoti mwenyewe kwa simu yangu, anasoma kila namba kwa sauti. Na ukimbeba ndege kutoka msituni mfunike kitambaa cha rangi ya chungwa, watu wasije wakaona manyoya yanatembea.

Nilijumlisha petroli ya safari zote tatu, kibali chake, risasi, mitumba, kisanduku na yule wa bandia, haikufika dola 120. Buti na vizibo vya masikio sijaviweka humo kwa sababu anavitumia mwaka mzima.

Nyama ya kifua nilikata vipande nikapika pilau. Mapaja msiyatupe kama wenyeji wengine wanavyofanya, ni magumu kweli lakini chemsha taratibu masaa matatu na tangawizi na kitunguu saumu, halafu malizia na tui zito la kopo, shingo ikiwemo. Binti yangu alipeleka bakuli moja kwa yule mzee wa bunduki, akarudi na bakuli tupu na kisanduku kingine cha kuitia, cha zamani, cha mti wa mwerezi.