Kabla hujamwambia mfanyakazi "kesho usije"

Mwaka 2019 nilimfukuza mtunza stoo wangu mbele ya wateja. Nauza vifaa vya uvuvi Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni: nyavu, nyuzi, maboya, kamba. Siku hiyo nilihesabu mzigo nikakuta mabunda matano ya nyavu hayapo, na daftari halisemi kitu. Kijana alikuwa na miaka mitatu kwangu. Akaniambia, "Mama, nisikilize kwanza." Sikumsikiliza. Nikamwambia aache funguo, kesho asije, na mshahara wa mwezi ule asiuulize.

Wiki tatu baadaye nikaletewa wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Alikuwa ndani ya muda, maana anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake. Nilikwenda kifua mbele, nikiamini mwizi hawezi kunidai. Msuluhishi akauliza: mkataba wake uko wapi? Barua ya tuhuma je? Ulimsikiliza lini, mbele ya nani? Sikuwa na jibu hata moja.

Hapa ndipo wengi wetu wenye biashara ndogo tunaponaswa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki, na kuthibitisha yote mawili ni kazi yake mwenyewe. Sisi tunashika sababu tu: kaiba, kalewa, kachelewa. Mkataba nao usipouonyesha, mkabishana kiasi cha mshahara, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha.

Kilichoniumiza zaidi ni maelezo ya yule kijana. Mabunda mawili aliyachukua mdogo wangu wa kiume, akawakopesha wavuvi wa Igombe, akaahidi kuniambia mwenyewe. Nilitoka nje nikampigia simu. Kweli tupu. Matatu mengine sijui yalikokwenda hadi leo, ila yale mawili ningeyajua siku ileile kama ningemwacha mtoto wa watu amalize sentensi yake.

Nikaelezwa kuwa usuluhishi ukikwama, tukifika kwa mwamuzi nikashindwa, fidia kwa sheria ya wakati ule haikuwa chini ya mishahara ya miezi 12. Tukakubaliana mitano. Juu yake nikalipa mshahara niliouzuia, notisi ya siku 28, likizo aliyokuwa hajachukua, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza. Nikampa na cheti cha utumishi, na nikamwomba radhi.

Siku hizi kila anayeanza kazi kwangu anasaini mkataba wa Kiswahili, hata mtoto wa dada yangu. Hasa mtoto wa dada, kwa sababu kwa ndugu ndiko tunakoona haya kuandikiana. Una kazi gani, mshahara kiasi gani, saa ngapi, likizo lini. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo unalipa mara moja na nusu. Nakala usizitupe akishaondoka, zitunze miaka mitano.

Kukiwa na tuhuma nzito, namsimamisha kwa mshahara kamili, nachunguza, kisha nampa barua yenye tuhuma zenyewe na angalau saa 48 za kujiandaa. Anakuja na mwenzake wa kumsaidia. Kikao sikiongozi mimi niliyeibiwa. Namwomba mfanyabiashara mwenzangu asiyehusika. Uamuzi unaandikwa pamoja na sababu zake. Ndiyo, kazi inasimama nusu siku. Nimeshalipia hasira ya dakika tano, najua ipi ni ghali.

Hasara nayo usiikate kwenye mshahara kienyeji. Lazima iwepo ridhaa yake ya maandishi, ajulishwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake.

Na kama wito umeshafika mezani kwako, ndugu yangu, nenda. Kuna jirani yangu sokoni aliuweka kwenye droo akisubiri mambo yapoe. Mwajiri asipotokea kwenye usuluhishi, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua mgogoro bila yeye.