Mwenye dishi na mwenye filamu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, kampuni za kimataifa za televisheni na za kutazama kwa intaneti zinakua kwa nguvu zao wenyewe, au kwa kushirikiana?" Jibu langu ni kwamba zinakua kwa kushirikiana, ila ushirika unaozaa ni ule ambao kila mmoja anamletea mwenzake kitu alichoshindwa kukipata peke yake, na huku kwetu kitu hicho mara nyingi si filamu wala mitambo, bali ni njia ya kumfikia mteja na kupokea fedha yake.

Niweke wazi kwamba nina maslahi katika jambo hili, kwa kuwa kwa miaka 9 nimekuwa wakala: nauza ving'amuzi, nafunga madishi na kuwalipia watu vifurushi. Jumamosi, mpira ukikaribia kuanza, mteja huja na namba ya kadi aliyoiandika nyuma ya risiti ya duka la dawa, akaniwekea noti mezani na kusema, "Fundi, niwekee cha mwezi, na usinicheleweshe." Hana haja ya kujua kama chaneli ni ya Mfaransa au ya Mwafrika Kusini. Mwaka jana kijana wa jirani aliniomba nimuunganishe na huduma moja ya filamu ya ng'ambo. Tulijaza kila kitu vizuri mpaka ilipodaiwa kadi ya benki, ambayo hana, na hapo safari yetu ikaishia, ingawa fedha ilikuwamo kwenye simu yake.

Kwa mfano wa ushirika uliofikiriwa vizuri naitaja Canal+, iliyoanza kurusha matangazo Ufaransa mwaka 1984. Kwa miaka mingi imekuwa na nguvu katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, wakati MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv tangu 1995, ilishika upande wa Kiingereza pamoja na Angola na Msumbiji. Badala ya kuja kushindana kwa madishi mapya katika soko la mwenzake, Canal+ ilianza kununua hisa za MultiChoice mwaka 2020, ikaongeza kidogo kidogo, mwaka 2024 ikatoa dau la randi 125 kwa kila hisa, na Septemba 2025 ikaichukua kampuni hiyo. Kwa pamoja sasa zinahesabu wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi zinazokaribia 70. Kilichonunuliwa hapo si wateja tu, ambao MultiChoice ilikuwa ikiwapoteza kwa kasi. Ni haki za michezo, mafundi na mawakala, pamoja na chaneli zinazozungumza na watu kwa lugha zao, Maisha Magic Bongo ikiwamo.

Hata hivyo sheria ya Afrika Kusini haimruhusu mgeni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji, kwa hiyo leseni ilibidi itengwe katika kampuni nyingine iliyo mikononi mwa wazawa, na kampuni hiyo ndiyo yenye mikataba na wateja wa nchini humo. Wengine wanaona hiyo ni hila ya wanasheria, lakini mimi naona ni gharama ya kawaida ya kuingia nyumbani kwa mtu.

Netflix nayo inafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Januari 2016 ilifunguliwa kwa siku moja katika nchi 130 ikitegemea intaneti na jina lake, bila dishi wala wakala. Juni 2025 ilikubaliana na Canal+ iuzwe kupitia vifurushi vya Canal+ katika nchi 24 za Afrika, kusini mwa Sahara, zinazotumia Kifaransa, na mwezi huohuo ikakubaliana na TF1 ya Ufaransa kuonyesha chaneli zake. Kampuni yenye uwezo wote ule imekubali kupita katika kaunta ya mtu mwingine.

Kuna ushirika ambao kwenye karatasi haukuwa na dosari. Mwaka 2023 MultiChoice na NBCUniversal ya Marekani, zikiwa na hisa za asilimia 70 kwa 30, ziliijenga upya Showmax, huduma ya MultiChoice ya kutazama kwa intaneti, juu ya mitambo ya Peacock, huduma kama hiyo ya NBCUniversal, na Februari 2024 ikarudi sokoni katika nchi 44 ikiwa na kifurushi cha simu cha Ligi Kuu ya Uingereza. Hasara ikapanda. Maoni yangu ni kwamba Mmarekani alileta mtambo mzuri na filamu nyingi, lakini kati ya wabia wale wawili hakuna aliyeweza kumpunguzia mtazamaji bei ya bando, na dakika 90 za mpira kwenye simu zinaweza kumgharimu mtu bando la wiki nzima.

Kwa Tanzania tumeujua ushirika wa aina hii mapema, pale StarTimes ya China na TBC zilipounda Star Media kwa hisa za asilimia 65 na 35. Mchina alikuja na mitambo na ving'amuzi, shirika la umma likawa na jina na nafasi yake nchini, na mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walikuwa na mahali pa kukimbilia.

Juzi mteja wangu wa siku nyingi aliniuliza kama huku kuungana kwa wakubwa kutamshushia bei ya kifurushi. Nikamwambia, "Mzee wangu, sijaletewa karatasi ya bei mpya." Akahesabu noti zake, akalipia kilekile cha siku zote.