Moto: kwao ruksa, kwetu marufuku? Wasomaji wanauliza, tunajibu

SWALI: Kamwene mhariri. Mie nina kishamba cha paini jirani na msitu wa Sao Hill, miti ina miaka minne. Kila mwaka diwani, mtendaji, mpaka redioni tunaambiwa moto marufuku, ukikamatwa faini au ndani. Sasa mwezi wa sita nawaona watu wa misitu wenyewe wamevaa buti wanachoma nyasi mchana kweupe, namuuliza mzee mmoja wa kamati ya maliasili ananijibu eti ni sera. Sera gani hiyo, kwao halali kwetu haramu? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Ulichokiona kinaitwa kuchoma mapema, na sio kitu kimoja na moto kichaa unaokatazwa redioni, ingawa na wewe una haki ya kushangaa maana hakuna aliyekuja kijijini kukueleza tofauti.

Iko hivi. Mvua zikikatika mwezi wa nne nyasi zinaanza kukauka juu lakini chini bado kuna ubichi, kwa hiyo ukichoma mwezi wa tano au wa sita moto unatambaa chini chini, unaacha mabaka hapa na pale, usiku ukiingia umande unashuka na mara nyingi unajifia wenyewe. Ziache nyasi hizohizo mpaka mwezi wa tisa au wa kumi, zimekauka mpaka kwenye shina na upepo unavuma, hapo hata kipisi cha sigara kinatosha kuwasha kilima kizima mpaka vichwa vya miti. Kuchoma mapema ni kuondoa kuni kabla mwenye kiberiti hajapita.

Na hili sio la kubuni juzi. Kule Ndola, Zambia, tangu mwaka 1933 walitenga vipande vya msitu wa miombo, yaani ile miti ya asili ya porini, wakavifanyia majaribio, kimoja kinachomwa mapema, kingine kinachomwa mwisho wa kiangazi, kingine hakiguswi kabisa. Kilichochomwa mwishoni miti ilizidi kupungua nyasi zikatawala, kilichochomwa mapema kikabaki msitu na miche ikaota, kisichoguswa kikafunga kabisa kuwa msitu mnene. Na usiseme Zambia mbali, miombo ni ileile unayoikuta Tabora, Katavi mpaka Kilwa.

Ila angalia, paini sio miombo! Mti wa miombo una gamba nene na ukikatwa au kuungua unachipua tena kutoka chini, paini ya miaka minne ina gamba jembamba na utomvu, ikiungua basi. Kwa hiyo usije ukachoma chini ya miti yako kwa kuwaiga watu wa Sao Hill, wao pale hawachomi chini ya miti, wanachoma nyasi za kwenye njia za moto, ule ukanda unaozunguka shamba ili moto ukija ukose cha kula. Wewe lima ukanda wako kwa jembe, ongea na jirani naye alime wake.

Kuhusu sheria, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na haisemi kuchoma ni marufuku kabisa, inataka kibali na tahadhari, halafu juu yake kuna sheria ndogo za kijiji chako. Mtendaji anaposema marufuku anafupisha, na kwa maoni yangu huo ufupisho ndio unaotuunguzia misitu, kwa sababu mtu aliyekatazwa kabisa haachi kuchoma, anachoma saa nne usiku kwa kificho halafu anakimbia, moto unabaki hauna mwenyewe. Bora angechoma mchana akiwa na majirani kumi wamesimama na matawi mabichi. Na hivyo vibali navyo bana! Nimeshuhudia ombi lililopelekwa mwezi wa tano likajibiwa mwezi wa tisa, na kibali cha mwezi wa tisa ni kibali cha kuunguza.

SWALI: Kijiji chetu kina msitu wake wa hifadhi, tunataka tuanze kuchoma mapema ila wazee wanaogopa moto ukitutoroka. Ikitokea inakuwaje? – Msomaji, Kilosa

JIBU: Wazee wana hoja, msiwapuuze. Hata wenye ndege na magari ya zimamoto yanawashinda. Mwaka 2022 huko New Mexico, Marekani, shirika la misitu la serikali lilichoma kwa mpango mwezi wa nne, upepo ukageuka moto ukatoka nje ya mpaka, afu marundo ya matawi waliyoyachoma mwezi wa kwanza yakawa yamefukuta chini kwa chini kipindi chote hicho, tena theluji ilianguka juu yake, yakafufuka na mioto hiyo miwili ikaungana. Ziliungua zaidi ya ekari 340,000, nyumba za watu zikiwemo, na serikali ikabidi ilipe fidia. Wakasimamisha uchomaji nchi nzima siku 90, halafu wakarudi, kwa sababu walishajaribu njia ya pili: tangu 1935 walikuwa na amri kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata, matokeo yake majani na matawi makavu yakarundikana miaka na miaka.

Sasa nyie fanyeni hivi. Kwanza kibali na taarifa kwa vijiji jirani, mapema. Siku yenyewe chukua jani la nyasi likunje, likipinda bila kukatika bado lina unyevu, likivunjika kwa mlio acheni mpaka mwakani. Anzeni alasiri jua likipoa, upepo ukiwa mdogo, na washeni mkiwa juu ya mteremko ili moto ushuke, maana ukipanda mlima unakimbia kuliko nyie. Miali iwe ya magotini. Muwe na majembe, matawi mabichi, madumu ya maji, pampu za mgongoni kama zipo, na msiondoke mpaka mmegusa visiki na magogo kwa mkono na kuona vimepoa, kesho yake asubuhi rudini tena. Warina asali na wenye mifugo muwaite kwenye kikao kabla, wao ndio wanaojua moto huwa unaanzia wapi.

SWALI: Kwa nini TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wasichome mapema mlima Kilimanjaro kuliko kusubiri moto kama ule wa 2020? – Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa sababu kule juu sio miombo. Moto ule ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona ulipita kwenye vichaka vya erika, mmea unaoota juu mlimani, na erika inawaka vizuri hata ikiwa mbichi, ikishaungua inachukua miaka mingi kurudi. Miti hiyo pia ndio inayokamata ukungu ukawa maji, moto wa miaka mingi umeshaisukuma ishuke chini ya pale ilipokuwa. Taarifa za mwanzo za TANAPA zilitaja watu waliokuwa wanapasha chakula cha wageni, kwa hiyo kule cha kudhibiti ni jiko la mpishi, na vifaa na watu wawe juu tayari mwezi wa nane, sio wanafunzi wa vyuo wapandishwe kwa miguu na mapanga moto ukiwa umeshashika.