Re: Bajeti ya ndaki imepitishwa, mbona mashine haiji?

Mkuu, umeuliza kwa nini mashine ya kupimia uimara wa vyuma mliyopitishiwa Julai haijafika mpaka Machi, ilhali ukumbi wa vikao umeshapakwa rangi. Nimekaa kamati ya mipango ya ndaki ya uhandisi (ndaki ni kitengo cha chuo kikuu chenye idara kadhaa) miaka minne, nikwambie ninavyoiona.

Kupitishwa na baraza la chuo ni ruhusa ya kutumia, si hela. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ada za wanafunzi zinaingia kuanzia Oktoba, Novemba, kwa mafungu. Zikiingia, wa kwanza kulipwa ni umeme, vibarua na wahadhiri wa muda. Rangi ni manunuzi madogo, inaisha kwa nukuu za bei. Mashine inataka iwe kwenye mpango wa manunuzi, zabuni ipite NeST (mfumo wa manunuzi ya umma wa Tanzania kwa mtandao), bodi ya zabuni ikae, halafu mzabuni aagize nje.

Sisi tulikwama kwenye vipimo vya kitaalamu, yaani maelezo ya mashine inayotakiwa iweje. Idara iliandika mstari mmoja: "mashine ya kisasa". Ikarudishwa mara mbili, Juni 30 ikatukuta bado tunabishana iwe na nguvu ya kilonewtoni ngapi.

Kwa hiyo usimwandame rasi, yaani mkuu wa ndaki, kwanza. Muulize mkuu wa idara yako vipimo viliwasilishwa lini, na kama fungu ni la mapato ya ndani au la mradi kama HEET (mradi wa elimu ya juu wa fedha za Benki ya Dunia). La mradi lina mpango wake na mratibu wake. Hapo rasi naye anasubiri kama wewe.