Nilivyotumia WhatsApp kufundishia baiolojia huku kando ya Ziwa Victoria

Mwalimu mleta mada, umeuliza kama kufungua grupu la WhatsApp la darasa kutawasaidia wanafunzi au kutawapotosha. Mimi nafundisha baiolojia shule ya kata huku Ilemela, Mwanza. Nimejaribu mara mbili, na mara ya kwanza niliishia kulifuta grupu lenyewe.

Ilikuwa wakati wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na kidato changu cha pili kikarudi darasani mwishoni mwa Juni. Kipindi hicho chote niliwaunganisha wanafunzi kwa namba walizonipa, nikawa natuma video. Video moja tu ilikuwa inamaliza bando ambalo mama kaliweka ili awasiliane na wateja wake wa dagaa. Hazikupita wiki mbili, wengi wakaacha kufungua.

Lililoniumiza zaidi ni jingine. Namba nyingi hazikuwa za watoto bali za kaka, mjomba, hata mpangaji wa nyumba. Mtu mzima mmoja alizichukua namba za wasichana humo ndani akaanza kuwaandikia usiku. Nililijua hilo binti mmoja alipokuja kunieleza akiwa na mama yake. Mlango ule niliufungua mimi, na bado unaniuma. Nakuomba sana, usiwaweke watoto kwenye grupu ambalo kila aliyemo anaziona namba za wenzake.

Mara ya pili nilimwona kwanza mkuu wa shule, kisha nikaongea na wazazi kwenye kikao. Waliokubali niliwaweka kwenye orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, ambapo kila mzazi anaupokea peke yake na jibu linakuja kwangu tu. Mzazi asipokuwa ameisevu namba yako ujumbe haumfikii, kwa hiyo hakikisheni palepale kikaoni. Kila wiki natuma swali moja la mistari miwili, nyumbani wanajibu kwa sauti ya dakika moja. Sauti haili MB kama video. Wanafunzi ambao kwao kuna kitochi tu, simu ndogo isiyo na WhatsApp, huuliza nyumbani wakaandika kwenye daftari, na sitoi alama yoyote inayotegemea simu.

Tulipofika kwenye mtandao wa chakula, yaani nani anamla nani, niliweka kando ule mfano wa nyasi, panzi, chura, nyoka na mwewe. Niliuliza: ukimpasua sangara unamkuta na nini tumboni? Swali nililituma wakati wa mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa huhitaji usiku wa giza ili taa zao ziwavute samaki, na mwezi ukiwa mpevu wengi wako nyumbani. Zilikuja sauti nyingi kuliko nilivyotarajia. Dagaa. Furu, wale samaki wadogo wa humu ziwani. Uduvi kwa wale sangara wadogo. Mzee mmoja akasimulia furu walivyokuwa tele kabla sangara hajajaa ziwani. Mzazi mwingine akasema yeye kamkuta sangara ndani ya sangara.

Darasani nilizicheza kwa simu yangu na spika ndogo, kwa sababu wanafunzi hawaji na simu shuleni. Walikuwa wanachora ubaoni, mshale unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Walipofika kwenye sauti ile ya mwisho wakakwama: mshale unatokaje kwa sangara ukarudi kwa sangara yuleyule? Wakabishana hadi dakika 40 zikaisha, na waliobishana zaidi ni wale wa nyuma ambao huwa siwasikii. Kipindi kilichofuata tukaenda kwenye historia: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu wakapungua sana miaka ya 1980. Yule mzee alikuwa ameshatueleza upande wake.

Jambo jingine ni lugha. Wazazi wanaongea Kiswahili, wengine Kisukuma au Kikerewe, na mtihani ni wa Kiingereza. Kwa hiyo kila sauti wanafunzi huigeuza kuwa sentensi mbili za Kiingereza kwenye daftari. Hapo ndipo muda mwingi unakwenda, na siuonei uchungu.

Baada ya somo nazifuta sauti zote, na wazazi nimewaahidi hivyo kwa maandishi. Ukihitaji mfano wa barua ya ridhaa niliyowapa, sema hapahapa kwenye uzi, nitaipiga picha jioni.